Maswali ya Wasomaji: Magoti, Nyonga na Viganja Vinavyouma

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: kusagika kwa viungo, ugonjwa ambao hospitalini huandikwa osteoathritisi. Tumechagua zile zinazouliza yale ambayo wengi wameuliza kwa maneno tofauti. Wanaojibu ni daktari wa mifupa na mtaalamu wa fizioterapia kwa pamoja. Ikiwa unatumia dawa nyingine kila siku, au una ujauzito, mwone kwanza daktari anayekujua kabla hujafuata kipimo chochote cha dawa kilichotajwa hapa.

Habari za kazi, daktari. Nina miaka 63. Goti la kulia linauma nikishuka ngazi na nikiinuka kitini. Nilipigwa eksirei, nikaambiwa mifupa inasagana na nisitembee sana ili nisimalize kidogo kilichobaki. Tangu hapo nakaa tu, lakini maumivu yamezidi. Nikitembea nitaliharibu zaidi?

Shikamoo mama. Hapana, hutaliharibu. Kukaa huko ndiko kunakokuumiza.

Gegedu ni tabaka jeupe, laini, linaloteleza, linalofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale gegedu linapobanwa na kuachiwa, yaani unapokanyaga na kuinua mguu. Usipotembea, unalinyima. Wakati huohuo misuli ya paja inasinyaa, na misuli hiyo ndiyo inayopokea mshindo wa hatua kabla haujafika gotini. Ikidhoofika, mzigo wote unabaki kwa mfupa. Ndiyo maana maumivu yamezidi tangu upumzike.

Tena gegedu halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo lenyewe haliumi. Kinachouma ni mfupa ulio chini yake, utando unaozunguka kiungo ukivimba, kano, na misuli iliyochoka. Hivyo vyote vinaweza kutulizwa hata kama gegedu halitarudi. Hapa ndipo picha inapowapotosha wengi. Eksirei hupangwa daraja 0 (kiungo safi) hadi 4 (kilichosagika zaidi) kwa mfumo wa Kellgren na Lawrence wa mwaka 1957, lakini daraja halipimi maumivu: wapo wa daraja 4 wanaopanda ngazi vizuri, na wapo wa daraja 1 wasiopata usingizi. Mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema mtu wa miaka 45 na zaidi, mwenye maumivu yanayokuja anapotumia kiungo, ambaye kiungo chake hakikazi asubuhi au hukaza kwa muda usiozidi dakika 30, anaweza kutambuliwa kuwa na ugonjwa huu bila picha yoyote, mradi hana dalili za ugonjwa mwingine.

Anza na dakika 10 mahali tambarare, mara mbili kwa siku, ukiwa na kiatu cha kisigino kifupi na soli inayobonyea kidogo. Ongeza dakika 2 au 3 kila wiki hadi ufike 30 kwa mkupuo mmoja. Na usiku usilale na mto chini ya goti, hata kama unapata nafuu. Goti likizoea kukunjika kwa miezi, kano za nyuma hufupika na mguu haunyooki tena kikamilifu. Mguu usionyooka huchosha paja kwa kila hatua.

Nina miaka 52. Nilishauriwa kufanya mazoezi, nikaanza kuchuchumaa mara 50 kila asubuhi. Siku ya nne goti likavimba. Nimeacha. Mkisema mazoezi, mna maana gani hasa?

Mazoezi hayana kosa, kilichokosewa ni kipimo. Kuchuchumaa hadi chini hubana vikali pia ya goti dhidi ya mfupa wa paja, na wewe umeanza na zoezi ambalo goti lako lingelifikia baada ya miezi, pengine lisilifikie kabisa. Kwanza tuliza uvimbe: barafu iliyofungwa katika kitambaa, dakika 15, mara tatu kwa siku. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Uvimbe ukipungua, anza hivi.

La kwanza ni kukaza paja. Lala chali, mguu umenyooka, taulo iliyokunjwa iwe chini ya goti. Gandamiza taulo kwa goti, hesabu tano, achia. Weka kiganja juu ya paja: ukisikia msuli umekuwa mgumu, unalifanya sawasawa. Rudia mara 10. Hili unaweza kulifanya kila siku, hata goti likiwa bado limevimba kidogo.

La pili ni kuinua mguu. Bado umelala chali, kunja mguu mmoja na unyooshe ule unaouma. Kaza paja kwanza, ndipo uinue mguu sentimita 20 hadi 30, hesabu tano, ushushe taratibu. Wengi hukosea kwa kuinua mguu huku goti limelegea na kukunjika. Hapo kazi inahamia kwenye nyonga na paja halipati kitu.

La tatu ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu ndilo utakalolihitaji maisha yako yote: kuinuka kitini. Chagua kiti imara, kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Miguu iachane kwa upana wa mabega, vidole vielekee mbele. Inuka kwa sekunde 2, kaa kwa sekunde 4. Usijitupe kitini, maana ile sekunde ya mwisho ya kujishusha ndiyo inayojenga msuli. Tazama magoti yako: yakiingia ndani na kukaribiana, misuli ya nyonga ni dhaifu. Basi ongeza zoezi la kulala ubavu na kuinua mguu wa juu ukiwa umenyooka, kisigino kikitangulia na si vidole. Kama kuinuka kunauma mno, weka mto kitini ili uanzie juu zaidi. Mto huo utauondoa baadaye.

La nne ni kupanda kidaraja cha sentimita 10 hadi 15, mguu unaouma ukitangulia kupanda na mwingine ukitangulia kushuka, karibu na ukuta au kitu cha kushika.

Zoezi la pili hadi la nne hufanywa siku tatu kwa wiki, seti 2 za mara 10, ukipumzika siku moja katikati. Ukiweza seti 3 za mara 12 bila kuhema, ongeza uzito wa kilo 1 kwenye kifundo cha mguu au shika mzigo mwepesi unapoinuka kitini. Usipoongeza, msuli hukoma kukua.

Sasa kipimo cha maumivu. Yape namba, 0 hadi 10. Wakati wa zoezi, maumivu yasiyozidi 5 yanavumilika na hayamaanishi unaharibu kitu. Ila lazima kesho yake goti liwe limerudi lilivyokuwa. Likiwa limevimba au linauma kuliko jana, punguza idadi kwa nusu, usiache. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya 6 na ya 8, na misuli hupata nguvu ya kweli kuanzia wiki ya 12. Tunasema hili mapema kwa sababu wengi hukata tamaa kabla ya hapo. Denmark wameliwekea mpango maalumu, unaoitwa GLA:D, ulioanza 2013: masomo machache kuhusu ugonjwa, kisha vipindi 12 vya mazoezi chini ya usimamizi kwa wiki 6. Ukipata mtaalamu wa fizioterapia wa kukutazama japo vipindi vya mwanzo, makosa mengi yatasahihishwa hapohapo.

Baiskeli nayo ni nzuri kwako, mradi kiti kipandishwe hadi goti linyooke karibu kabisa pedali ikiwa chini. Kiti kifupi hurudisha tatizo lilelile la kuchuchumaa.

Nina kilo 96. Nimeambiwa nipunguze uzito, lakini hakuna anayeniambia nipunguze kiasi gani ili nipate nafuu.

Lengo la kwanza ni kilo 5, yaani takribani asilimia 5 ya uzito wako. La pili ni kilo 10, na hapo ndipo watu wengi husema maumivu yamepungua waziwazi. Utafiti wa Messier na wenzake uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takribani kilo nne kwa kila hatua. Piga hesabu: kilo 5 ni kilo 20 kwa hatua. Ukitembea hatua 5,000 kwa siku, nusu zikiwa za mguu mmoja, goti hilo limeepuka tani 50 kati ya asubuhi na jioni.

Mafuta ya mwilini pia humwaga kwenye damu kemikali zinazochochea uvimbe, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu wanene kupata ugonjwa huu hata vidoleni, ambavyo havibebi mwili.

Usipunguze chakula peke yake. Anayepungua bila mazoezi hupoteza mafuta pamoja na misuli, na misuli ndiyo tunayoitaka. Kila mlo uwe na protini, punguza vinywaji vya sukari kabla ya kitu kingine chochote, na jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi. Kwa wenye unene uliokithiri, dawa ya sindano ya semaglutaidi ilipunguza uzito na maumivu ya goti pia katika utafiti uliochapishwa 2024. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na kufuatiliwa na daktari, na misuli inahitaji ulinzi uleule.

Nina miaka 66 na presha. Natumia lisinopril na dawa ya kupunguza maji mwilini. Kwa magoti nilinunua diklofenaki mg 50, nameza mara tatu kwa siku, mwezi wa nne sasa. Presha imepanda na miguu inavimba. Niongeze dawa ya presha?

Shikamoo mzee. Tafadhali usiongeze kitu. Acha diklofenaki leo, endelea na dawa za presha kama ulivyoandikiwa, na nenda ukapimwe presha, na damu ipimwe kreatinini (inayoonyesha hali ya figo) na potasiamu, kesho au keshokutwa. Ukikosa pumzi au mkojo ukipungua sana, nenda leo hii.

Kinachotokea ni hiki. Figo huchuja damu kwa shinikizo. Mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio hubaki wazi kwa msaada wa kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, na diklofenaki inazizuia, hivyo mshipa unabana. Lisinopril inalegeza mshipa wa kutokea. Dawa ya maji inapunguza kiasi cha damu inayofika. Damu inaingia kidogo, inatoka kirahisi, na shinikizo la kuchujia linaanguka. Kila dawa peke yake ingevumilika, lakini zikikutana tatu figo inaweza kusimama. Ibuprofeni na naproxen hufanya vilevile, kwa hiyo kubadili jina hakukuokoi. Tena diklofenaki huongeza hatari ya mshtuko wa moyo, na haifai kabisa kwa mwenye moyo ulioshindwa kazi au mishipa ya moyo iliyoziba.

Kwa msomaji asiye na matatizo ya mzee wetu, ngazi za dawa ziko hivi. Ya kwanza ni ya kupaka. Jeli ya diklofenaki ya asilimia 1: gramu 4 kwa goti, mara nne kwa siku, kwa kiganja gramu 2, mara nne, jumla mwilini isipite gramu 32 kwa siku. Pakiti nyingi huja na kadi ya kupimia. Itumie, kwa sababu kosa la kawaida ni kupaka tone dogo mara moja usiku kisha kusema haifanyi kazi. Paka goti lote, mbele na pembeni, subiri dakika 10 kabla ya kuvaa nguo, nawa mikono, na usiifunge kwa bandeji wala kuipaka kwenye kidonda. Ipe wiki mbili ndipo uihukumu. Inaingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na kidonge, ingawa mwenye figo mbovu bado amwulize daktari kwanza.

Paracetamoli ni dhaifu kwa ugonjwa huu, na tunasema hivyo wazi. Ukiitumia kwa siku mbaya, usipite gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya mg 500, na iwe pungufu kwa mwenye ini lililodhoofika, mnywaji wa pombe au mtu mwembamba sana. Angalia pia dawa za mafua, kwani nyingi zina paracetamoli ndani na watu hujikuta wamemeza dozi mbili.

Vidonge vya jamii ya ibuprofeni ni vya mwenye figo, moyo na tumbo vyenye afya: dozi ndogo kabisa inayofanya kazi, kwa siku chache goti linapochachamaa, pamoja na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, mg 20 kila siku kwa mwenye umri mkubwa au aliyewahi kuwa na vidonda. Kumeza na chakula kunapunguza kiungulia tu, hakuzuii kidonda, maana madhara mengi hupitia kwenye damu. Choo kikiwa cheusi kama lami, acha dawa uende hospitali. Asiyepaswa kabisa kujinunulia ni yule anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Na anayemeza aspirini ndogo kwa ajili ya moyo ajue kwamba ibuprofeni inaweza kuizuia isifanye kazi yake.

Tramadol, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, hatuipendekezi kama dawa ya kila siku. Nafuu yake ni ndogo, kizunguzungu chake huwaangusha wazee, na kuiacha ni kugumu.

Shikamoo daktari. Mama yangu amekuwa akimeza vidonge vya magoti visivyo na jina, vya kwenye kopo. Alipona ndani ya siku mbili! Sasa ni miezi saba, uso umekuwa wa mviringo, mikono imekonda, na sukari imepanda wakati hakuwahi kuwa na kisukari.

Marahaba. Kupona ndani ya siku mbili ndiko kunakotutia wasiwasi. Dalili ulizozieleza ni za steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe kama deksamethasoni au prednisoloni, zinazochanganywa kwa siri. Jambo hili limeshaonekana mahali pengi: mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kama virutubisho vya asili ambavyo maabara ilikuta vina deksamethasoni na diklofenaki, wala lebo haikutaja.

Tafadhali mama asiache ghafla. Baada ya miezi saba, tezi zilizo juu ya figo zimeacha kutengeneza steroidi ya mwili, kwa sababu inaletwa kutoka nje. Akikatisha leo, anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha kushuka na hata kuzimia. Mpeleke hospitali kesho pamoja na kopo lenyewe. Daktari ataweka steroidi inayojulikana mahali pa ile isiyojulikana, kisha ataipunguza kidogo kidogo kwa wiki au miezi, huku akipima sukari, presha na baadaye homoni ya kotisoli ya asubuhi. Akianza kutapika au kuishiwa nguvu kabla ya hapo, mpeleke muda huohuo na useme: "Amekuwa akitumia steroidi." Sentensi hiyo inaweza kumwokoa.

Je, glukosamini na kolajeni hurudisha gegedu?

Hakuna kidonge kilichothibitika kurudisha gegedu. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao GAIT, uliotolewa 2006 na kuhusisha watu 1,583, ulilinganisha glukosamini mg 1,500 na kondroitini mg 1,200 kwa siku dhidi ya kidonge kisicho na dawa. Kwa jumla hakukuwa na tofauti ya kuaminika. Kolajeni unayomeza humeng'enywa kama protini nyingine yoyote. Haiendi gotini moja kwa moja. Ukitaka kujaribu glukosamini, jipe miezi mitatu, na ukikosa nafuu uache. Anayetumia warfarin asiiguse, kwani inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Nimeambiwa nidungwe "mafuta ya goti", na mwingine akasema steroidi, na wa tatu anataka kunisafisha goti kwa kamera. Nichague lipi?

Tuanze na la mwisho. Kusafisha goti kwa kamera kwa sababu ya kusagika peke yake hakusaidii. Moseley na wenzake walilithibitisha 2002: wagonjwa 180, baadhi walisafishwa kweli na baadhi walichanjwa ngozi tu bila kuguswa ndani. Miaka miwili baadaye hakuna kundi lililokuwa na nafuu kuliko lingine. Kamera ina kazi yake goti linapogoma kabisa kunyooka kwa sababu kuna kitu kimenasa ndani, si kwa maumivu ya kawaida.

"Mafuta" hayo ni asidi ya hyaluroniki. Nafuu yake, ikilinganishwa na sindano ya maji ya chumvi, ni ndogo kiasi kwamba NICE inashauri isitolewe. Ya steroidi hufanya kazi, ila kwa muda: wiki chache, kwa wengine hadi miezi miwili au mitatu. Inafaa goti likiwa limevimba na unahitaji nafasi ya kuanza mazoezi. Haifai kuwa ratiba. Katika utafiti wa 2017, watu 140 walidungwa triamsinoloni mg 40 au maji ya chumvi kila wiki 12 kwa miaka miwili. Waliopata steroidi walipoteza gegedu zaidi, na maumivu hayakutofautiana. Kama una kisukari, pima sukari mara kwa mara kwa siku kadhaa baada ya sindano, itapanda. Na kama umepangiwa kubadilishwa goti, usidungwe ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji, kwa sababu hatari ya maambukizi huongezeka.

Goti la kaka yangu limevimba tangu jana, jekundu, la moto, na ana homa. Anayo osteoathritisi. Tumpake nini?

Msimpake kitu. Apelekwe hospitali leo. Kusagika hakuleti homa. Hiyo inaweza kuwa bakteria ndani ya kiungo, ambao huweza kula gegedu kwa siku chache, au jongo. Jibu linapatikana kwa kuvuta ute kwa sindano na kuupima kabla ya antibayotiki, kwa hiyo msimpe vidonge vya antibayotiki vya nyumbani mkiwa njiani.

Goti linaniuma lakini eksirei yake ni safi. Daktari amenibonyeza kila mahali, hakuna panapouma.

Omba nyonga ipimwe. Nyonga inayosagika huuma kwenye kinena, na mara nyingine hupeleka maumivu hadi gotini bila yenyewe kulalamika. Keti, mtu akuzungushe mguu kwa ndani: maumivu ya kinena, au mguu kukataa kuzunguka, ni dalili kubwa. Nyingine ni kushindwa kuvaa soksi au kukata kucha za mguu huo.

Nishike fimbo mkono upi? Kila mtu ananiambia lake.

Upande wa mguu mzima, yaani usiouma. Unapokanyaga mguu mgonjwa, fimbo ya upande wa pili hutua nao pamoja na kubeba sehemu ya uzito. Ukiishika upande mgonjwa, unaegemea palepale panapouma. Urefu: simama na viatu vyako, mikono ikining'inia, kishikio kifike kwenye mkunjo wa kiganja na mkono, ili kiwiko kipinde kidogo unapoegemea. Ikiwa ndefu, bega litauma. Ikiwa fupi, mgongo. Ncha iwe na mpira, na mpira ukiisha michirizi yake ubadilishwe, kwani ukilainika huteleza sakafuni penye maji. Kupanda ngazi, mguu mzima hutangulia. Kushuka, fimbo na mguu mgonjwa hutangulia.

Mimi ni mama wa miaka 57. Vidole vimeota vinundu kwenye viungo vya mwisho, na shina la dole gumba linauma nikifungua kifuniko.

Vinundu hivyo huitwa vya Heberden, na mara nyingi huanza kwa wanawake baada ya kukoma hedhi. Huuma sana vinapoota, kisha hutulia na kubaki umbo tu. Kwa shina la dole gumba, kifaa laini cha kulishikilia kivaliwe wakati wa kazi kwa miezi mitatu bila kuruka, maana wiki mbili hazitoshi kukihukumu. Beba vitu kwa viganja viwili badala ya kubana kwa ncha za vidole, ongeza unene wa vishikio kwa sponji au kitambaa, na paka jeli kama tulivyoeleza. Maji ya uvuguvugu dakika 10 asubuhi hulegeza vidole. Lakini viungo vya shina la vidole, pale kwenye ngumi, vikivimba na kukaza kwa zaidi ya saa moja kila asubuhi, mwone daktari mapema: hiyo huenda ni baridi yabisi, na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Nina miaka 70. Daktari anasema goti libadilishwe. Naogopa. Goti la bandia hudumu muda gani, na nijiandae vipi?

Shikamoo mzee. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba magoti 82 kati ya 100 yaliyobadilishwa kiungo kizima hufika miaka 25, na nyonga 58 kati ya 100. Kwa umri wako, uwezekano mkubwa ni kwamba halitabadilishwa tena. Hofu nyingine ina msingi: takriban mtu mmoja kati ya watano haridhiki baada ya goti kubadilishwa, mara nyingi kwa sababu maumivu yanabaki. Kwa hiyo swali si picha inasema nini. Je, umefanya mazoezi ya kweli kwa miezi mitatu, umetumia dawa ipasavyo, na bado maumivu yanakuamsha usiku na kukufungia nyumbani? Kama ndiyo, usisubiri hadi mguu usinyooke, kwani anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na misuli hutoka vizuri zaidi.

Maandalizi huchukua wiki, si siku. Kama una kisukari, wapasuaji wengi hutaka HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu, iwe chini ya asilimia 8. Acha sigara angalau wiki 4 kabla. Tibu jino bovu, kidonda cha ngozi na maambukizi ya mkojo, kwa sababu bakteria wakifika kwenye chuma cha goti hawatoki kwa vidonge. Fanya kuinuka kitini kila siku unayoweza. Nyumbani ondoa mikeka na nyaya zinazokwaza, na tafuta kiti kirefu chenye mikono.

Baada ya upasuaji utasimamishwa siku hiyohiyo au kesho yake. Lengo la kwanza, kabla ya kukunja, ni kunyoosha goti kabisa: weka taulo chini ya kisigino, kamwe si chini ya goti, mara kadhaa kwa siku. Kukunja kufike nyuzi 90 kwa wiki ya pili au ya tatu, na 110 au zaidi kabla ya mwezi wa tatu, vinginevyo ngazi na viti vifupi vitakutesa. Meza dawa ya maumivu nusu saa kabla ya mazoezi. Wanaovumilia bila dawa mara nyingi hawakunji goti, na goti lisilokunjwa mwanzoni hukaza. Fimbo au mikongojo wiki 4 hadi 6. Joto na uvimbe wa kiasi kwa miezi mitatu au zaidi ni kawaida, na nguvu huendelea kurudi hadi mwaka mzima. Dawa ya kuzuia damu kuganda imeze hadi siku ya mwisho uliyoandikiwa. Kidonda kikitoa maji au usaha, rudi hospitali siku hiyohiyo. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au ukikosa pumzi ghafla, usingoje asubuhi.